Mwalimu, Sikiliza Mara ya Pili

Yako maneno mawili mafupi ambayo yamefunga vinywa vya watu wengi kuliko maradhi yote ya koo. Maneno hayo ni "Huna sauti." Husemwa na mwalimu wa kwaya aliyechoka, husemwa na mwamuzi wa mashindano aliyekaa kutwa nzima bila chakula, husemwa na ndugu nyumbani kwa utani. Aliyeyasema huyasahau kabla jua halijatua. Aliyeambiwa huyabeba mpaka uzeeni. Ukimkuta harusini, kanisani au kwenye maulidi utamwona anapiga makofi na wenzake, lakini midomo ameifumba.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote ya kazi, na sehemu kubwa ya maisha hayo niliitumia katika vyuo vya ualimu, mwisho nikiwa mkuu wa chuo. Nimekaa mara nyingi kwenye meza ya waamuzi wa kwaya, ngonjera na mashairi. Nimesoma karatasi nyingi za maksi na nimesikia hotuba nyingi za kufunga mashindano. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa siyaandiki kwa kubahatisha, wala sina nia ya kumbembeleza mtu. Ninasema kwamba namna walimu wengi wanavyowasahihisha wanafunzi wanaoimba na wanaoghani ni mbovu. Wengine watadhani nalalamikia ukali. La. Wako walimu wakali wanaofundisha na wako wapole wasiofundisha. Ninalolalamikia ni kwamba mwanafunzi husimama, huimba, huhukumiwa, kisha huitwa mwingine. Hapo katikati hapakuwa na somo.

Hukumu hizo ni za aina nne, na msomaji aliyepita shuleni atazitambua zote.

Ya kwanza ni hukumu ya kipaji: huyu anayo sauti, yule hana. Ya pili ni sifa tupu: "Vizuri sana, mpigieni makofi," na makofi yanapigwa, aliyeimba vema na aliyeimba vibaya wakipata kiasi kile kile. Ya tatu ni namba tupu: 62 katika 100, bila neno hata moja la kueleza zile 38 zimepotelea wapi. Ya nne ni kejeli, na siku hizi hii imepata nguvu mpya kutokana na mashindano ya kutafuta vipaji katika runinga, ambamo mwamuzi huwachekesha watazamaji kwa kumdhihaki aliyekuja kuimba. Mwamuzi wa runinga ana kazi yake, nayo ni kuwaweka watazamaji mbele ya kioo. Mwalimu anayemwiga amesahau kwamba yeye mshahara wake ni wa kazi nyingine.

Hukumu zote nne zina kasoro moja. Mwanafunzi anapoondoka hajui kesho afanye nini. Aliyesifiwa hajui ni kitu gani alichofanya vema ili akirudie. Aliyepata 62 hajui aanzie wapi kutafuta 70. Aliyeambiwa hana sauti ameambiwa asitafute kabisa.

Pengine msomaji atauliza: kuna hasara gani? Nchi haikosi waimbaji. Asiyeimba na ajifunze useremala. Mimi namjibu kwa habari ya mwanachuo mmoja. Nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi. Mwalimu mwanafunzi, binti hodari mwenye mwandiko mzuri na zana alizozitengeneza mwenyewe kwa vizibo vya soda, alikuwa na somo la hesabu darasa la kwanza, kuhesabu moja hadi kumi. Katika andalio lake la somo alikuwa ameandika kwamba patakuwa na wimbo. Wakati wa wimbo ulipofika, aliyaandika maneno yake ubaoni, akawaambia watoto wayasome. Watoto wa darasa la kwanza, ambao ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza herufi! Walimtazama, naye akautazama ubao.

Baada ya kipindi nikamwita chini ya mwembe, nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Mwalimu, mimi huwa siimbi. Nilipokuwa darasa la tano mwalimu wa kwaya aliniambia niwe nafungua mdomo tu bila kutoa sauti, maana nawaharibia wenzangu."

Hebu tupige hesabu. Mwalimu huyo akifundisha miaka 30, na kila mwaka akipewa darasa la watoto 60, atakuwa amepitiwa na watoto 1,800. Hao wote watajifunza kuhesabu, majina ya siku na viungo vya mwili bila kuimba, kwa sababu miaka mingi nyuma mtu mmoja alitaka kwaya yake ishinde siku moja. Tena tuangalie lile agizo lenyewe. Kumwambia mtoto asimame mbele ya watu afungue mdomo bila kutoa sauti ni kumfundisha kudanganya hadharani akiwa amevaa sare ya shule.

Sasa niseme habari za sauti yenyewe, kwa sababu ujinga wa jambo hili ndio unaozaa hukumu. Sauti ya kuimba ni kazi ya viungo, kama ilivyo kazi ya viungo kurusha mkuki. Pumzi huvutwa na kiwambo kilicho chini ya mapafu, kisha hutoka mapafuni ikisukumwa na misuli ya mbavu na ya tumbo. Pumzi hiyo hutikisa nyuzi mbili za sauti zilizomo ndani ya koromeo. Koo, kinywa, ulimi na midomo huupa mtikisiko huo umbo. Sikio husimamia yote. Wapo watu ambao ubongo wao haupambanui sauti ya juu na ya chini, na wataalamu wamewapima, lakini ni wachache sana katika kila mia. Wengine wote wanaotoka nje ya wimbo wanasikia vizuri tu. Kinachowashinda ni kuilinganisha sauti yao na ile wanayoisikia, na hilo hufundishika.

Hufundishwaje? Mwalimu wa kawaida humpigia mtoto noti, na mtoto akiikosa humpigia tena kwa nguvu zaidi, kama anayepandisha sauti ili aeleweke na mgeni asiyejua lugha. Jaribu kinyume chake. Mwambie mtoto atoe sauti yoyote inayomjia kwa urahisi, kisha wewe mwalimu umfuate huko aliko. Imba noti yake. Asikie sauti zenu mbili zinavyokuwa moja. Watoto wengi hushtuka na kutabasamu hapo, kwa kuwa ni mara yao ya kwanza kusikia jambo hilo. Kisha pandeni pamoja noti moja, halafu nyingine. Nimeona jambo hili likifanyika ndani ya robo saa kwa mtoto aliyekuwa amekatiwa tamaa na shule nzima.

Tukitoka kwa watoto wadogo tufike kwa wavulana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na sita. Mvulana anapobalehe koromeo hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti hushuka kwa karibu oktava nzima. Katika kipindi hicho, ambacho huweza kuchukua miezi mingi, sauti hukatika bila taarifa, ikaruka juu kama jogoo mchanga. Wasichana nao hubadilika, ingawa kwa kiasi kidogo. Sauti huwa na pumzi nyingi au mkwaruzo kwa muda. Mwamuzi anayemwandikia kijana wa namna hiyo kwamba ameuharibu wimbo amemtoza faini kwa kukua. La kumwambia liko wazi: "Sauti yako inashuka, na hilo ni jambo la kawaida. Kwa sasa imba katika hizi noti tano unazozimudu. Usikaze koo kutafuta za juu. Baada ya miezi mitatu tutapima tena." Kijana huyo atabaki katika kwaya, na baada ya mwaka kwaya itakuwa na besi.

Jambo jingine ni kwamba mara nyingi kosa tunalolibandika kwa mwimbaji si lake. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni mwanzishaji. Mwalimu anaanzisha wimbo kwa sauti aliyoiamkia siku hiyo, juu mno, na kufikia kiitikio watoto wanapiga kelele kama wanaofukuza ngedere shambani. Mwamuzi anaandika "Wanapayuka." Waliokosa ni watoto, au ni yule aliyewapandisha mti usiokuwa na matawi?

Wa pili ni wimbo wenyewe. Mkazo wa neno la Kiswahili, isipokuwa maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi tulizozirithi makanisani na mashuleni zilitungiwa lahani huko Ujerumani au Uingereza kwa maneno ya lugha zao, kisha Kiswahili kikashindiliwa ndani yake. Neno kama "mwokozi" mkazo wake uko kwenye "ko". Lahani ikiweka pigo zito kwenye "mwo", au ikalivuta "zi" kwa mapigo matatu, neno limekwisha pindishwa kabla mtoto hajafungua kinywa. Ndiyo maana tunalo neno "barabara", ambalo likipigwa mkazo mahali pamoja ni njia ya magari, na likipigwa mahali pengine ni sawasawa kabisa. Mwamuzi anayeandika "matamshi mabaya" bila kuutazama wimbo amemwadhibu mbeba mzigo kwa kosa la aliyeufunga.

Wa tatu ni ushairi. Shairi letu la kawaida lina mizani kumi na sita katika mshororo, nane za ukwapi na nane za utao. Mtunzi ameacha mlango wa kuvutia pumzi pale vipande viwili vinapokutana. Kijana asiyeonyeshwa mlango huo atavuta pumzi popote itakapomwishia, hata katikati ya neno, na wasikilizaji watasema hajui kughani. Mwonyeshe penseli, weka alama ndogo baada ya mizani ya nane, mwambie aghani tena. Dakika moja inatosha.

Wapo watakaosema kwamba usahihishaji wa namna hii ni mambo ya wazungu na vitabu vyao. Hawajatembea mtaani alasiri. Na wapite karibu na madrasa wasikilize. Mwanafunzi anayesoma Kurani akikosea, mwalimu hamwambii kwamba hana sauti. Humsimamisha hapo hapo penye herufi. Humwambia herufi hii hutokea kooni na ile hutokea kwenye ncha ya ulimi. Hapa umerefusha kwa kipimo cha mbili, ilitakiwa sita. Humtolea yeye mwenyewe, kisha humwambia rudia. Akikosea tena, rudia. Elimu hiyo inaitwa tajwidi, nayo ina karne nyingi. Bakora ilikuwapo katika madrasa nyingi kama ilivyokuwapo katika shule nyingi, na siitetei. Lakini ondoa bakora, utabakiwa na ufundi kamili wa kusahihisha sauti ya mwanadamu: mahali penyewe, kosa lenyewe, mfano, marudio. Huo ulikuwa mlangoni petu tangu zamani.

Na katika ngoma zetu, manju hutunga na kuongoza, watu wote hupokea kiitikio. Mwenye sauti nyembamba hupokea, mwenye sauti nzito hupokea, na mwenye mkwaruzo hupokea. Asiyeshika vizuri husogezwa karibu na anayeshika.

Simaanishi kwamba mashindano yafutwe. Majirani zetu wa Kenya wana tamasha la muziki lililoanza mwaka 1927, na desturi ya mwamuzi kusimama na kueleza aliyoyasikia imewasaidia walimu wengi. Lakini hata pale patakapokuwa na maelezo mazuri, kwaya imekwisha shuka jukwaani. Mashindano kwa tabia yake husikiliza mara moja. Kwa hiyo mashindano hayawezi kuwa ndiyo shule. Kufundisha kunatakiwa kuwe kabla yake na baada yake, darasani, ambako inawezekana kusikiliza mara mbili.

Hapo ndipo ninapotia mkazo wangu mimi. Sahihisho la sauti lina sehemu tano. Kwanza, muulize mwanafunzi amesikia nini yeye mwenyewe. Mara nyingi anajua, na siku hizi simu ya mkononi inaweza kumrekodi akajisikiliza papo hapo. Pili, mwambie kilichotokea na mahali kilipotokea. Tatu, mwambie sababu. Nne, mpe jambo moja la kujaribu, moja tu. Karatasi yenye makosa kumi na moja haimsaidii mtu. Tano, mwambie aimbe tena sehemu ile ile, nawe umsikilize.

Kwa mfano: "Ubeti wa pili, mshororo wa tatu, sauti ilishuka kwenye neno la mwisho. Pumzi ilikuwa imekwisha, kwa sababu hukuvuta tangu mshororo wa kwanza. Vuta hapa, nilipoweka alama. Sasa imba mishororo hii miwili tu." Akishaimba, muulize kama amesikia tofauti. Asiposikia, mweleze kwa njia nyingine. Mwalimu asiyefika kwenye sehemu ya tano hajui kama maneno yake yalikuwa dawa au yalikuwa maji. Pengine sababu aliyoitaja haikuwa sababu. Marudio humpima mwanafunzi, na humpima mwalimu pia. Nashuku ndiyo maana walimu wengi huyakwepa.

Sasa nijibu hoja za wapinzani wangu, maana nazijua.

Wanasema: darasa lina watoto 80, muda hautoshi. Najibu kwamba sahihisho la namna hii huchukua dakika mbili, na makosa ya watoto 80 si makosa 80. Ni matatu au manne: pumzi, koo lililokazwa, sikio lisiloelekezwa, mdomo uliofungwa nusu. Msahihishe mmoja mbele ya wote kwa heshima, kisha wote warudie. Umewasahihisha thelathini.

Wanasema: sisi tulikemewa, tukakomaa, leo tunaimba. Hoja hii huipenda sana watu wa umri wangu. Lakini ushahidi huo unatolewa na nani? Unatolewa na waliobaki jukwaani. Wale ambao kemeo liliwanyamazisha hawawezi kuja kutoa ushahidi kwa kuimba. Ni sawa na kuwauliza waliovuka mto kama mto una mamba.

Wanasema: samaki mkunje angali mbichi. Naam, lakini kukunja si kuvunja, na mkunjaji huwa anajua anataka samaki akae umbo gani. "Huna sauti" haina umbo ndani yake.

Wanasema: basi tuwasifu, sifa hutia moyo. Wahenga walikwisha tuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa ni chombo cha kufundishia kama kosa lilivyo, na inahitaji usahihi ule ule. "Umeimba vizuri" ni upepo. "Kwenye kiitikio ulilishusha neno la mwisho polepole bila kulikata, na maana yake ikatufikia" ni somo, kwa sababu kesho mtoto anaweza kulifanya tena kwa makusudi. Tena mtoto ni mwerevu. Anajua makofi ya bure yanavyosikika, na akiyapata mara nyingi huacha kuyaamini hata yale ya haki.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na ninayadai kwa majina ya kazi. Wakufunzi wa vyuo vya ualimu: msimpe mwanachuo maksi za mazoezi ya kufundisha kabla hamjamwona akimsahihisha mtoto anayeimba au anayeghani, na kumsikiliza mara ya pili. Mwanachuo ambaye yeye mwenyewe alinyamazishwa utotoni, mfundisheni kwanza kuimba wimbo wa noti tano. Zinatosha kwa darasa la kwanza. Waamuzi wa mashindano: kila namba iandamane na sentensi moja ambayo kwaya itaweza kuifanyia kazi Jumatatu asubuhi. Mkishindwa kuiandika sentensi hiyo, na namba yenyewe msiiamini. Walimu wa kwaya: msimwambie mtoto yeyote afungue mdomo bila sauti. Kama hashiki wimbo, mwekeni kati ya wawili wanaoushika, mumtafutie noti zake, mwendelee.

Kikombe cha ushindi hukaa kabatini kwa mwalimu mkuu, kikaota kutu. Watoto waliokiimbia huenda nyumbani, wakawa walimu, mama, baba, viongozi wa ibada, makuli bandarini na wauguzi wodini. Huko waendako wataimba au watanyamaza, kwa kadiri walivyofundishwa na sisi.

Haya, mwalimu mwenzangu. Mtoto amemaliza ubeti wake na amesimama mbele yako anangoja. Mwambie jambo moja, mahali pake na sababu yake. Kisha keti, nyamaza, umwache aimbe tena.